Kuku Aliyekatazwa Sigara

Nilikwenda Tangulia kwa ajili ya mguu wa shemeji yangu, si kwa kutalii. Anayetaka habari za njia, milima na nauli na aulize wengine. Mimi nilifika, na hilo latosha. Wala sikukusudia kuandika neno. Lakini kila ninaposimulia kwetu niliyoyaona kule, watu husema natia chumvi, kwa hiyo nimeona niyaweke hapa kama yalivyokuwa. Asiyeamini asiamini.

Nchi ya Tangulia ina sheria moja kubwa, na sheria nyingine zote ni vitoto vyake. Yasema hivi: lolote litakalompata mtu, limpate mnyama kwanza. Nasikia hapo zamani ilitungwa kwa nia njema kabisa, maana watu walikuwa wakinyweshwa kila namna ya mizizi kwa jina la dawa, na waliozikwa walikuwa wengi kuliko waliopona. Ila watu wakishapata sheria nzuri hawajui pa kuikomesha. Pale mpakani, afisa alimleta mbuzi mbele ya dirisha akamwuliza jina lake, atokako na aendako. Mbuzi akanyamaza. Afisa akamsubiri kwa adabu, kisha akanigeukia.

"Mwenzako amekataa kujibu," akasema, "kwa hiyo nawe una haki ya kukataa."

Nikamwambia mbuzi si mwenzangu, na jina langu nimekwisha kulitaja. Hakukasirika. Akanionyesha kiti nikae, nacho kilikuwa bado kina joto la mbuzi.

Dada yangu Kidawa aliolewa huko zamani, na mumewe, Nahoza, ni fundi cherehani. Mtu mpole, hodari wa kazi, tena ana mikono ya kukata kanzu bila kupima. Nilipoingia kwao nilimkuta amekaa barazani, mguu wa kulia umeinuliwa juu ya mto, sigara mkononi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akaniambia, akacheka. Kisha akaiwasha sigara nyingine, akavuta pafu moja, akaninyooshea mimi. Nikamwambia sivuti. Uso ukamwanguka kana kwamba nimemtemea mate. Kidawa akanivuta kando, akanieleza kwamba kwao hiyo ndiyo salamu. Mwenyeji huwasha, huvuta kidogo, humpa mgeni, mgeni naye humrudishia. Kukataa ni kusema: nyumba yako siipendi.

"Basi mwambie naipenda nyumba, siipendi sigara," nikasema.

"Kaka, punguza ukali. Umekuja kutusaidia."

Ni kweli, nilikuwa nimekuja kusaidia, ingawa sikujua vipi. Mishipa ya damu ya ule mguu ilikuwa imesinyaa kwa tumbaku. Damu ilikuwa haifiki chini vizuri, na vidole viwili vilikwisha kuanza kuwa vyeusi. Hospitali walimwambia waziwazi: ukiacha sigara, mguu unaweza kupona, usipoacha, tutaukata chini ya goti. Sasa fundi cherehani wa Tangulia hukanyaga cherehani kwa mguu, na mguu wenyewe ni huo huo wa kulia. Nahoza alikuwa amejaribu kuacha mara nyingi. Alikuwa akiweza mpaka mgeni apige hodi.

Na kwa kuwa sheria ni sheria, nyuma ya hospitali alikuwa amefungwa mbuzi mweupe. Mguu wa Nahoza usingeweza kukatwa kabla mguu wa mbuzi haujakatwa. Nahoza alipokuwa akipelekwa kusafishwa kidonda cha mguu alipita pale, na kila mara alirudi nyumbani amenyong'onyea.

"Mimi nimejitakia," aliniambia. "Lakini mbuzi wa watu hajavuta hata siku moja."

Niliuliza, kama kila kitu humpitia mnyama kwanza, je, sigara ilimpitia mnyama gani? Swali hilo nililiuliza sokoni, msikitini na kwa kinyozi, na kote watu walinitazama kwa huruma. Hatimaye kinyozi akaniambia yaliyotokea. Tumbaku ilipoletwa nchini, wakubwa wa baraza walikaa kujadili kama sheria inaihusu au haiihusu. Mjadala ulikuwa mrefu, na mletaji aliwapa sigara za bure ili wajue wanachojadili. Walipofikia kuamua kwamba ndiyo, lazima mnyama atangulie, walikuwa wamekwisha kuzoea, na mmoja wao akakumbusha kwamba sheria hairudi nyuma. Ndiyo maana katika Tangulia dawa ya kuacha sigara yaweza kuchukua umri wa mtu kabla ya kuruhusiwa, na sigara yenyewe yauzwa karibu na mlango wa shule.

Dawa, hata hivyo, ilikuwapo. Ilikuwa katika Nyumba ya Majaribio, kwa Daktari Mwanapili, na Kidawa alinipeleka huko siku ya pili yake. Huyu mwanamama ni mrefu, mwembamba, anaongea upesi na hapendi maswali ya kijinga, kwa hiyo tulielewana. Alituingiza katika chumba kirefu chenye vizimba vya panya. Kila kizimba kilikuwa na vibonyezo viwili. Panya akibonyeza kimoja, hupata punje ya karanga. Akibonyeza cha pili, mrija mwembamba humtilia tone la ile nikotini iliyomo katika tumbaku, yenye kumfanya mtu asiweze kuiacha.

"Kwa hiyo mmewafundisha panya kuvuta," nikasema.

"Tumewafundisha."

"Panya waliokuwa wazima, hawana neno na mtu. Mmewatia uraibu ili mpate kuwatoa."

"Ndugu yangu, unadhani silijui hilo?" akasema Mwanapili. "Kila asubuhi naingia hapa nawaomba radhi, na wasaidizi wangu wananicheka. Lakini nikimpa shemeji yako dawa nisiyoijua, ikamuua, nitamwomba radhi nani? Dada yako?"

Niligeuka nikawatazama tena panya.

Akatueleza kwamba kulikuwa na dawa ya mwanzo kabla ya hii. Panya walipopewa waliacha kibonyezo cha nikotini papo hapo, na baraza likafurahi, likataka kuipitisha siku hiyo hiyo. Yeye akawaomba waangalie na kibonyezo cha karanga. Panya walikuwa hawakigusi pia. Hawali, hawachezi, hawageuki wakiitwa. Dawa ilikuwa imewazima tu. Mzee mmoja wa baraza akasema hilo si kasoro, raia asiyedai sigara wala chakula ni raia mzuri. Mwanapili akaichukua ile dawa akaimwaga chooni mbele yao.

Hii ya sasa ilikuwa nyingine. Alituonyesha panya mmoja, jike la kijivu mwenye sikio lililokatika ncha. Zamani, alisema, huyu alikuwa habanduki kwenye kibonyezo cha nikotini. Sasa alikuwa akila karanga zake, anajisafisha sharubu, anakimbia huku na huku, na kile kibonyezo anakipita kama mtu anayepita duka lililofungwa. Kidawa alishika chuma cha kizimba kwa mikono miwili, akakaza macho kwa yule panya, midomo inamcheza.

"Basi dawa imefaulu," nikasema. "Mnangoja nini?"

"Tunangoja mkaguzi," akasema Mwanapili, na sauti ikamchoka. "Kaa uone."

Mkaguzi akaja. Sheria yataka mtu wa serikali ashuhudie kwa macho yake kwamba mnyama ameacha. Alikuwa mtu mnene mwenye heshima zake, jina lake Bwana Kitwana, na aliingia na sigara mdomoni. Akainamia kizimba cha yule jike, akapuliza moshi, akauliza kwa sauti ya kazi, "Ameacha?"

Panya akainua pua. Akazunguka mara moja, akazunguka tena, kisha akakimbilia kibonyezo cha nikotini akakibonyeza mfululizo.

"Hajaacha," akasema Bwana Kitwana kwa masikitiko ya kweli, akaenda kizimba cha pili, akapuliza moshi, akauliza tena. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa chumba. Chote kilijaa moshi na mlio wa vibonyezo. Alipotoka alitikisa kichwa, akatuambia, "Tumbaku ni adui mbaya," na akawasha nyingine.

Mwanapili akaniambia kwamba panya hawa tangu mwanzo walifundishwa kwa moshi: kila tone liliendana na moshi kidogo, ili hali yao ifanane na ya watu. Kwa hiyo wakisikia harufu ile, mwili unakumbuka. Dawa inapunguza hamu, haifuti kumbukumbu, na panya aliyeacha juzi hawezi kupulizwa usoni kila siku akabaki ameacha. Ukaguzi wa mwisho ulikuwa unakaribia. Dawa ikishindwa tena itafungiwa kabisa, na hospitali walikuwa wamemwambia Nahoza kwamba baada ya hapo hawatangoja.

"Si umwambie mkaguzi azime sigara mlangoni?" nikauliza.

"Nimemwambia. Nimemwandikia mpaka waziri. Hakuna sheria ya kumkataza mtu kuvuta mahali popote katika Tangulia, na haiwezi kutungwa, kwa sababu hakuna mnyama aliyewahi kukatazwa."

Tukaenda kwa waziri, sote watatu. Waziri wa Kutanguliza, Bwana Makungu, alitupokea vizuri mno. Ni mtu wa maneno laini, mwenye kukubaliana na kila usemalo mpaka ukitoka nje ndipo utambue hukupata kitu. Ofisini mwake mlikuwa na kuku mwekundu aliyekuwa akitembea juu ya zulia, kwa maana kila ombi husomewa kuku kwanza ndipo lisomewe waziri. Mwanapili alimsomea kuku. Kisha akamsomea waziri.

"Nimesikia, na nimeguswa," akasema Bwana Makungu, akawasha sigara, akavuta, akatunyooshea. Hakuna aliyeipokea. "Lakini tusidanganyane. Sikio la kufa halisikii dawa. Panya hawa wamepewa nafasi nyingi."

"Mheshimiwa, mume wangu ana nafasi moja tu," akasema Kidawa. "Akikatwa mguu, cherehani itakanyagwa na nani? Nami namjua, hataishi. Atakaa barazani avute mpaka wamkate na wa pili."

"Pole sana, mama. Tatizo ni utaratibu. Kumkataza mtu kuvuta ni jambo litakalompata mtu, na lazima limpate mnyama kwanza. Mikono yangu imefungwa."

Hapo mimi hasira zikanipanda. Najijua, hasira zangu ziko karibu, na dada yangu alikwisha kunikanyaga mguu chini ya meza, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Nikasimama, nikamwonyesha yule kuku kwa kidole.

"Basi mkatazeni huyo," nikasema. "Si mnyama? Mwiteni, msomeeni amri, mwambieni asivute. Mnafunga mikono yenu wenyewe halafu mnaomba tuwafungulie. Mkatazeni kuku, tumalize, twende zetu."

Nilitazamia kutolewa nje na askari. Badala yake Bwana Makungu aliweka sigara chini. Akamtazama kuku kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi kwa heshima ambayo hakuwa nayo tangu tuingie.

"Hoja nzuri," akasema polepole. "Kwa nini hamkuileta mapema?"

Mwanapili alifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Jambo likapelekwa barazani, na mjadala wake nitausimulia kwa ufupi kwa sababu ukiusikia wote utaumwa na kichwa. Mzee mmoja aitwaye Shungi, mvutaji wa siku nyingi, alipinga. Alisema kutii ni kuwa na hamu ya jambo ukaizuia. Kuku hana hamu ya sigara. Kwa hiyo kuku hawezi kutii, ila anaweza tu kuwa kuku. Ilikuwa hoja ya haki, na nilianza kuogopa. Waziri akajibu kwamba sheria haisemi mnyama awe na hamu, yasema jambo limpate. Mbona mbuzi wa mpakani huulizwa jina na hana jina? Ukifungua mlango huo, akasema, nchi nzima itaanguka. Neno hilo liliwashtua. Wakakubaliana kuku akatazwe, tena katika chumba kile kile cha panya, mbele ya mashahidi, na sigara iwekwe wazi chini ili marufuku isiwe ya mchezo.

Siku ya kukatazwa kuku tulifurika. Hata Nahoza alikuja, amebebwa kwenye kiti. Vizimba vya panya vilikwisha kuhamishiwa chumba cha ndani. Karani akasimama mbele ya yule kuku mwekundu akamsomea: kuanzia sasa, wewe kuku, ni marufuku kuvuta sigara katika nyumba hii, kwa amri ya baraza. Akaiweka sigara sakafuni, haijawashwa, akarudi nyuma.

Kuku akaiendea moja kwa moja.

Mtu yeyote aliyefuga kuku alijua hilo litatokea. Kuku hudonoa kila kitu. Lakini wakubwa wa Tangulia hawakuwahi kufuga kuku, walimsomea maombi tu, na wote wakanyoosha shingo kutazama. Kuku akaidonoa sigara, akaiinua, akaitikisa, tumbaku ikamwagika. Mzee Shungi akaanza kutabasamu. Kidawa alinishika mkono akaniumiza. Kuku akaonja tumbaku, akatikisa kichwa kwa nguvu, akapangusa mdomo wake sakafuni upande huu na upande ule, akaenda zake dirishani.

"Amevuta?" akauliza waziri.

Mwanasheria wa baraza akafikiri. "Amedonoa," akasema. "Na baada ya kudonoa amekataa. Mzee Shungi alitaka hamu na kujizuia. Nadhani tumeviona vyote viwili."

Marufuku ikapita.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa mfupi. Bwana Kitwana alifika na sigara yake, akakuta kuku amefungwa mlangoni kama ushahidi, akaizima kwa uchungu wa mtu anayeagana na ndugu. Mwanapili akamvisha koti safi, akamnawisha mikono. Akaingia, akainamia kizimba cha yule jike mwenye sikio lililokatika, na bila moshi alionekana hajui afanye nini na mdomo wake.

"Ameacha?" akauliza.

Panya akainua pua. Akamnusa Bwana Kitwana, akazunguka mara moja. Akasogea kwenye kibonyezo cha nikotini, akakipanda kwa mguu mmoja. Akakitumia kupandia tu, akavuka, akabonyeza cha karanga, akaketi akala. Bwana Kitwana alingoja. Alikohoa, akangoja tena. Panya akalala.

"Ameacha," akasema, na sijui ni kwa nini, yule mtu mnene macho yalimlenga machozi. Akaenda kizimba cha pili. Mmoja baada ya mmoja, karibu wote walikuwa wameacha. Wachache walibonyeza, na Mwanapili alisema ukweli huo waziwazi barazani: dawa haiponyi wote, na hata anayepona atateseka kidogo. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Nahoza akapewa dawa. Sitaki kusema ilikuwa miujiza. Aligomba, alitoka jasho, alimtukana paka, alinitukana na mimi. Lakini alisema hamu ilikuwa kama mgeni anayegonga na kuondoka, si kama zamani alipokuwa akivunja mlango. Tatizo lilikuwa wageni wenyewe. Walikuja kumpa pole, kila mmoja na salamu yake ya moshi. Kidawa akasimama kizingitini, mikono kiunoni, akawaambia kuku amekwisha kukatazwa na wao si bora kuliko kuku. Mwanzo walinuna. Baadaye wakaanza kuzizima nje, na wengine wakakiri kwamba walikuwa wakitafuta nyumba ya kupumzikia kwa siku nyingi. Bwana Makungu alipokuja kujipongeza, naye aliizima nje. Mvua ilikuwa inanyesha.

Kidole kimoja kilipotea, hatukuweza kukiokoa. Lakini weusi uliacha kupanda, kisha kidonda kikaanza kufunga, na siku moja daktari wa hospitali aliubonyeza mguu kwa kidole, akaona damu inarudi, akasema hapana haja ya kukata. Kidawa aliketi sakafuni pale pale hospitalini, akalia kwa sauti bila haya. Mbuzi mweupe akafunguliwa. Hakuondoka mara moja. Alisimama akila majani kana kwamba hakuna lililotokea, na kwa upande wake kweli hakuna lililotokea.

Siku ya kuondoka kwangu Nahoza alishikilia kunisindikiza. Kidawa alikataa, mimi nilikataa, hakusikia. Alitembea polepole kwa fimbo, anasimama, anaendelea, Kidawa na mimi kando yake, mpaka tukafika kwenye kona ya barabara. Hapo akaegemea ukuta, uso umekunjamana.

"Jamani," akasema, "mguu unauma."

Kidawa akamtazama mumewe, akautazama na ule mguu uliosimama juu ya ardhi.

"Uache uume," akasema. "Ukiuma, upo."